Mtani Hapigi Hodi

Tangu baba afariki nilikuwa na tabia moja niliyomficha kila mtu. Mtu akipiga hodi, nilinyamaza. Si kwamba sikutaka wageni. Nilikuwa namngoja baba aitikie.

Maisha yangu yote hodi za nyumba ile ya Temeke ziliitikiwa na yeye. Mzee Kondo, fundi seremala, alikuwa na sauti ya kuwarusha kuku. "Karibu! Pita ndani, mlango hauna meno!" Mlango wenyewe aliuchonga kwa mikono yake na hakupenda kuuona umefungwa mchana. Mama alitutoka nikiwa mdogo sana, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na baba na sauti yake. Sasa nilikuwa nakaa chumbani nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nasikia hodi, nainua kichwa na kungoja. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Kisha nasikia ndara zinaondoka, maana mtu mwenye adabu akipiga hodi tatu asiitikiwe, huenda zake. Ndipo nakumbuka kwamba mwenye kuitikia yuko makaburini.

Jirani yangu Mwamvita alishaanza kunung'unika.

"Wee Tunu, unajifungia kama mwali! Juzi nimekuletea mchicha, nimepiga hodi mpaka koo limekauka."

"Nilikuwa nimelala, dada."

"Kulala gani huko kwa kila siku?"

Siku ya arobaini angalau nyumba ilijaa watu. Khitma ilisomwa, pilau ikaliwa, dua ikaombwa, na baada ya adhuhuri wengi wakatawanyika. Tukabaki wachache uani: baba mdogo Marijani, ambaye ni mdogo wake marehemu, shangazi Chausiku, dada yao mkubwa, aliyetoka Chamazi na mkoba wake wa tambuu, na Mwamvita na wanawake wawili watatu wa kusaidia vyombo. Baba mdogo aliniita pembeni, karibu na mtungi.

"Tunu mwanangu, mjumbe wa Bwana Sadallah anakuja leo alasiri. Anataka jibu."

"Leo hii, baba?"

"Tulimwambia baada ya arobaini. Arobaini ndiyo hii."

Bwana Sadallah alikuwa na duka kule Tabata, na shamba la mihogo nyuma ya duka. Amefiwa na mkewe. Ni mpole, anaswali, hapigi kelele. Nilipomfikiria sikuwa na neno baya la kumsema, wala neno jingine lolote.

"Sikulazimishi," baba mdogo akaendelea. "Umesoma, unafundisha, kaka alijivunia. Lakini wenzio uliosoma nao wana watoto wa kuwatuma dukani. Mie leo narudi kwangu Kinondoni. Shangazi yako kesho yuko Chamazi. Humu ndani utabaki na nani?"

Niliinama nikaokota sufuria chafu kando ya mtungi.

"Au kuna mtu mwingine?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Kama yupo, sema. Mie ndiye baba yako sasa."

Nilifungua mdomo niseme hapana. Ningesema hapana, Wallahi, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kuniambia neno moja la kushika. Lakini hapohapo mlango wa uani ukasukumwa kwa teke, kuku wakaruka, na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Nyie Wazaramo! Mmekula pilau yote bila bwana wenu?"

Sufuria niliyoishika ilitaka kuniponyoka.

Alikuwa Jabiri Maganga wa Tabora, niliyesoma naye. Hakupiga hodi, hakumwamkia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la shangazi, akachukua mnofu na kuutia mdomoni. Mgeni wa mbali angeshangaa. Sisi hatukushangaa, kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani ana ruhusa zake. Anaingia apendavyo, anakula cha mwenzie, anamtukana mzee wa miaka themanini, na msibani anawachekesha wafiwa watake wasitake. Sharti ni moja tu: mtani hakasirikiwi.

"Kuna kitu kinanuka," shangazi alisema akifunika pua kwa kanga. "Kumbe Mnyamwezi!"

"Shangazi Chausiku, bado hujafa? Mie nimepanda gari la moshi siku mbili kuja kukuzika, nafika naambiwa wamekosea, wamemzika kaka yako!"

Shangazi alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Tangu msiba uingie sikuwa nimemwona akicheka.

Miaka sita sikuwa nimemtia Jabiri machoni. Alikuwa amejaza mabega, amevaa koti la khaki la reli, na juu ya jicho la kushoto lile kovu lilikuwepo bado. Kovu lile nalijua lilivyopatikana. Aliwatukana wote mmoja mmoja, na mimi akanifikia mwisho. Akanitazama. Nilingoja tusi langu, halikuja. Akageuka haraka na kuingia ndani ya nyumba.

Alipotoka alikuwa amevaa kanzu ya baba.

Hiyo ni kazi ya mtani, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, watu wapate kucheka na kulia kwa pamoja. Nilishaiona kwa wengine. Sikujua inavyokuwa kwa baba yako mwenyewe. Jabiri alikuwa amevaa na tarabushi, ameshika na fimbo, anatembea na ule mguu wa baba uliokuwa ukivuta kidogo. Likizo moja tu tulipokuwa shuleni alikuja kula nyumbani kwetu, na kumbe siku ile alimtazama baba vizuri kuliko nilivyodhani.

"Karibu!" alinguruma. "Pita ndani, mlango hauna meno!"

Uani kote vicheko. Mwamvita alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Baba mdogo alijishika mbavu huku akisema, "Kaka huyo! Kaka huyo kabisa!" Mimi moyo uliniruka. Kwa kitambo kidogo nilisikia kile nilichokuwa nakingoja kila hodi inapopigwa, kisha nikaona kovu juu ya jicho, nikajua. Nikabeba sufuria yangu nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kigoda na kuanza kukwangua ukoko. Ukoko wenyewe ulishakwanguliwa.

Alinifuata. Alisimama na kanzu yake ndefu, fimbo mkononi, hana la kusema. Jabiri kukosa la kusema!

"Nimezidisha?" aliuliza.

"Mtani hazidishi. Ndiyo kazi yako."

"Nilitaka ucheke."

"Wamecheka wenzangu, inatosha."

Akachuchumaa, akachukua punje ya ukoko na kutafuna. "Habari nilipewa na gadi anayesimamia gari la abiria. Nilimlilia bwana mkubwa wangu mpaka akanipa ruhusa. Kesho asubuhi narudi."

"Bado uko kituo kile nilichosikia umepelekwa?"

"Kilekile, mbele ya Manyoni. Gari linakuja, linanywa maji, linaondoka. Abiria wananipungia mkono, na mie nawapungia. Wakishapita tunabaki mie na bendera zangu mbili." Alicheka kidogo. "Saa nyingine nasemaga peke yangu, Tunu. Najitukana mwenyewe, maana huko hakuna Mzaramo."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi huku nasema na mlango. Nikainama kwenye sufuria.

"Unazikumbuka korosho?" akaniuliza.

Ningezisahau vipi? Siku yangu ya kwanza katika shule ya Lukonga, chini ya milima ya Uluguru. Ilikuwa shule ya misheni, mojawapo ya chache ambako wasichana na wavulana walikaa darasa moja, kwa sababu wasichana tulikuwa wachache mno kupewa walimu wetu. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu nalia. Baridi ile, ukungu ule, na baba ameshageuza njia kurudi Dar es Salaam. Kitu pekee kilichonibakia cha nyumbani kilikuwa mfuko wa korosho alizonikaangia mwenyewe. Akaja kijana mmoja, kaptula inamvuka, akaniuliza, "Mzaramo wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi hizi zangu," akasema, akazichukua na kuanza kuzitafuna mbele yangu.

"Ulinipiga kiatu," Jabiri alisema.

"Ulistahili viwili."

"Padri mkuu akatukimbilia na fimbo. Mzungu wa watu, anaona tunauana. Ndipo yule mpishi akamwambia..."

"'Hawa hawagombani, Padri. Hawa wanapendana.'"

Tulilisema pamoja.

"Kumbe mpishi alijua kabla yetu," alisema taratibu.

Shuleni nilijifunza jiografia na hesabu na kushona kanzu za maaskofu, lakini yote hayo niliweza kuyabeba kwa sababu ya yule mtu mmoja aliyenitukana kila asubuhi kwa namna ya kwetu. Msichana mwenye mtani hayuko ugenini kabisa. Wenzangu walipokuwa wakilia usiku kwa kukumbuka kwao, mimi nilikuwa nawaza tusi la kumrudishia Jabiri kesho yake.

"Na baiskeli je?" nikauliza, nikigusa paji langu mahali ambapo yeye ana kovu.

"Baiskeli ya Mwalimu Theonest! Wee ndiye uliyesema unataka kuliona gari la Dar es Salaam. Ulisema ukiliona tu likipita, roho itatulia."

"Sikusema uibe."

"Sikuiba. Niliazima kwa mtu ambaye hakuwepo."

Nilicheka, nikakasirika kwa kucheka. Tulifika stesheni ya Morogoro gari limeshaondoka, tukaona moshi wake tu kwa mbali. Nikalia, yeye akanichekesha, tukaanza kurudi. Kwenye mteremko ndipo tulipotambua kwamba baiskeli haikuwa na breki, na kwamba ndiyo maana siku zote Mwalimu Theonest alikuwa anaikokota kwenda mjini. Tuliingia mtaroni. Gurudumu la mbele likapinda, uso wa Jabiri ukajaa damu, na kabla hata hajaufuta akaniambia, "Pita njia ya mtoni urudi bwenini. Mie nilikuwa peke yangu." Alichapwa viboko na kupewa adhabu ya kupalilia mahindi ya mwalimu muhula mzima. Mimi nilikuwa namletea maji ya kunywa. Kila nikimpa kata ananiambia, "Asante, mke wangu," na wavulana wa shamba la jirani wanaangua kicheko, na mimi ninammwagia yaliyobaki kichwani.

"Ulijifunza nini pale?" nilimtania. Walimu wetu walipenda sana kutuuliza hivyo baada ya viboko.

"Nilijifunza kupalilia." Akaitazama fimbo ya baba. "Na nilijifunza kwamba naweza kukuita mke wangu mbele ya watu, na hakuna atakayeniuliza kitu."

Nikakwangua sufuria kwa nguvu. Aliendelea kuitazama fimbo.

"Jumamosi ile ya mdahalo," akasema. "Mwaka wa mwisho."

"Ulipotakiwa uzungumzie faida za reli."

"Nilisimama nikasema, 'Bwana mwenyekiti, kabla sijatoa hoja, naomba mbele ya walimu na wanafunzi wote kumposa Tunu binti Kondo.'"

"Watu wakaanguka chini kwa kicheko."

"Na wewe ukasimama ukasema mahari yako ni punda."

"Punda mwenye chongo," nikamkumbusha. Mwalimu Theonest mwenyewe alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Miaka yote hii nilikuwa nikilisimulia jambo lile kama kichekesho bora kuliko vyote vya Lukonga.

"Tunu, siku ile sikuwa natania."

"Wee Jabiri, acha."

"Sikuwa natania. Wiki nzima nilikuwa nayakariri yale maneno kule mtoni. Niliwaza, nikimwambia pembeni atadhani ni utani wetu wa kila siku. Nikimwambia mbele ya padri, mbele ya walimu, atajua ni kweli, nani atatania mbele ya padri? Mkacheka wote. Na wewe ndiye uliyecheka kuliko wote."

"Nilicheka ili nisilie!"

Sauti ilinitoka kubwa, nikaziba mdomo. Uani kule walikuwa wanaendelea na maneno yao.

"Sikiliza," nikasema kwa kunong'ona. "Miaka minne umeniita mke wangu, mama watoto wangu, umeniposa jikoni, umeniposa kanisani, umeniposa na kwenye foleni ya uji. Wasichana bwenini walikuwa wananiuliza kila siku, leo mtani wako kasemaje? Nawasimulia, tunacheka. Taa ikizimwa nabaki nayachambua maneno yako kama mchele, lipi la utani, lipi la kweli. Sikupata hata moja la kukaa nalo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Alifikiri. "Ningetania," akakiri.

"Na pale stesheni? Magari mawili, lako la kwenda Tabora, langu la huku. Ulisema, 'Nitakuja kumchukua mtani wangu.' Miaka sita, Jabiri. Kila Idi nafua mapazia. Baba akawa ananiuliza, tunategemea mgeni? Namwambia hapana, ni usafi tu."

"Kila nikishika kalamu nikuandikie," alisema, "najikuta namtukana shangazi yako." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Niliogopa, Tunu. Utani ukinikataa, nacheka naondoka. Kweli ikinikataa, naenda wapi? Kule porini?"

Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya kanzu ya baba, karafuu na vumbi la mbao. Nilitamani kuegemea bega lile nipumzike. Badala yake nikamweleza habari za Bwana Sadallah na mjumbe wa alasiri.

"Ni mtu mwema?" aliuliza.

"Mwema sana."

"Basi..."

"Basi nini?"

Kuku mmoja alikuja kudonoa ukoko miguuni pake, hakumfukuza.

"Liseme, Jabiri," nikamwambia. "Mara moja tu katika maisha yako, sema jambo bila kuchekesha. Si kwangu. Kaseme kwa baba mdogo, sasa hivi, kabla mjumbe hajafika."

Alisimama. Akaiweka sawa tarabushi, akavuta pumzi, akaenda. Nilimfuata nyuma na sufuria yangu.

Alisimama mbele ya mkeka wa wazee. "Mzee Marijani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu mzima. "Nimekuja kumposa Tunu."

Walimtazama. Mimi nilimwona waliyemwona wao: tarabushi ya baba, fimbo ya baba, kanzu ya baba inayomfika kwenye visigino. Hakukumbuka kuivua.

"Uwiii!" Mwamvita ndiye aliyeanza. "Marehemu kafufuka, anamposa binti yake!"

Uani ukalipuka. Shangazi alijipiga mapaja. Baba mdogo alikohoa kwa kucheka, anajaribu kusema, "Kaka, hata wewe? Hata wewe?" Jabiri akageuka na kunitazama, na katika macho yake niliona anavyotafuta pa kusimama. Nikamtikisia kichwa: vumilia, rudia tena, waambie si utani. Kisha nikaliona lile tabasamu la Lukonga linapanda usoni mwake, lilelile la kwenye mdahalo.

"Na mahari nimeleta!" akanguruma kwa sauti ya baba. "Punda mmoja, mwenye chongo kama nyie wote!"

Wakacheka upya. Akacheka na yeye.

Sijui nilivyoitua ile sufuria. Najua ilipiga kelele.

"Jabiri."

"Naam, mke wangu?"

"Mie nimekasirika."

Kicheko kilipungua, kikabaki cha Mwamvita peke yake, naye akakimeza.

"Sitanii," nikasema. "Nimekasirika na wewe. Kuanzia leo mie si mtani wako. Ukinitukana, umenitukana kweli. Ukila changu, umeiba. Na ukiingia nyumba hii bila hodi, nitapiga kelele majirani waje."

"Tunu!" Shangazi alishika kifua. "Mtani hakasirikiwi! Tena kwenye arobaini ya baba yako!"

"Mwombe radhi," baba mdogo akasema. "Mwombe radhi sasa hivi. Amekuja kutuondolea huzuni, wewe unamfanyia hivi?"

Sikuomba radhi. Jabiri alikuwa ameacha kucheka. Alivua tarabushi. Akaivua kanzu kupitia kichwani, akaikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka juu ya mkeka na kulaza fimbo pembeni yake. Kisha akainama mbele ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi alishtuka hata akasahau kuitikia. Jabiri akatoka kwa mlango wa uani, akaurudishia polepole.

Mwamvita akaanza kukusanya vikombe. Nilikaa chini kando ya kanzu ya baba, nikaiwekea mkono, na nikaona wazi jinsi jioni itakavyokuwa: baba mdogo anaondoka, wanawake wanaondoka, asubuhi shangazi naye anafunga mkoba wake. Gari la Tabora linapita. Mimi nabaki chumbani na madaftari, na hata utani sina tena. Upweke nilikuwa nimeuzoea, lakini huu nilijitakia mwenyewe, na ulikuwa unaniuma zaidi.

"Mtani ni wa kucheka naye," baba mdogo alisema, si kwa ukali. "Anakuja msibani, anakula, anarudi kwao bara. Nani amewahi kumkabidhi mtani binti yake? Umekasirikia nini, mwanangu?"

Nilinyoosha ukosi wa kanzu.

"Haya. Bwana Sadallah tumjibu nini?"

"Mjibuni mnavyoona," nikasema. Sikuwa na nguvu ya jingine.

"Hodi!"

Ilitoka mlango wa mbele. Baba mdogo akaanza kutafuta ndara zake. "Huyo mjumbe. Amewahi."

Mimi niliinua kichwa na kungoja, kwa ile tabia yangu.

"Hodi hapa!"

Shangazi alimshika baba mdogo mkono. "Kaa, Marijani. Mjumbe wa Sadallah ana pumu, hana sauti hiyo."

Baba mdogo alisikiliza, ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Kisha akanitazama mimi. "Haiwezekani. Yule hajapiga hodi mahali tangu azaliwe."

"Ndiyo kapiga," shangazi alisema.

"Anafanya mzaha tu."

"Mzaha gani wa kumwamkia mtu shikamoo?" Shangazi aliifuta midomo yake kwa kanga, akakaa sawasawa, na nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile akiwa hachezi. "Amezunguka nyumba nzima aje mlango wa mbele, kama mgeni. Sasa amebakiza moja. Isipoitikiwa atakwenda zake, na mie nadhani hatarudi. Aitikie nani, Marijani? Wewe unalala Kinondoni, mie Chamazi. Aitikie mwenye kulala humu."

Wote walinigeukia. Nilisimama na kuingia ukumbini. Mwisho wa ukumbi mlango wa baba ulikuwa wazi kama alivyoupenda, na kizingitini niliona kivuli cha mtu na ncha za viatu vyake vya reli. Hakuvuka. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hodi," alisema mara ya tatu, taratibu, na hapakuwa na mzaha wowote ndani yake.

Safari hii sikumngoja mtu.

"Karibu," niliitikia, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyojua ninayo. "Pita ndani, mlango hauna meno."